Naipenda Metali, Nalipenda Kanisa

Kanisani kwetu, huku Eastlands, Nairobi, vijana hukutana kwa maombi Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na mahitaji husomwa kwa sauti kabla hatujaanza. Pombe. Bangi. Kamari, hasa hii ya simu iliyomaliza karo za watu. Kisha "muziki wa giza". Kwa hayo mengine naomba pamoja na wenzangu kwa moyo wote. Likifika hilo la mwisho mimi huombea jambo jingine, maana muziki huo naujua kwa majina. Najua ulizaliwa wapi na nani aliuzaa, na baadhi ya wanaoupiga ni ndugu zangu katika Kristo sawa na huyu ninayekaa naye benchi moja.

Nimeokoka. Nilibatizwa mtoto, nikampokea Yesu kwa hiari yangu nikiwa kidato cha tatu, na napiga gitaa la besi katika timu ya sifa. Ni shabiki pia wa hevi metali, na namaanisha ile nzito kabisa, ya dramu zinazokimbia na sauti ya mtu anayenguruma. Kwa miaka mingi mambo haya mawili yalikaa vyumba tofauti maishani mwangu, na mlango kati yake niliufunga kwa ajili ya amani ya watu wengine. Sitaki kuufunga tena.

Julai 2025, Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya metali ya Black Sabbath, alipofariki, mtu alituma picha yake katika kundi letu la WhatsApp, na chini yake akaandika kwamba mshahara wa dhambi ni mauti. Amina zikafuatana. Marehemu alikuwa na miaka 76, ameugua Parkinson, ameacha mke, watoto na wajukuu. Kwetu mtu akifa tunasema pole kwanza. Nikaandika pole, nikaeleza kidogo ninachokijua, na kuanzia siku hiyo kila mtu katika kundi alijua dada wa besi anasikiliza nini.

Nilichoeleza ni hiki. Muziki huu ulianzia Birmingham, Uingereza, kwa vijana wanne wa familia za kawaida katika mji wa viwanda. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvalia vidoleni, na baadaye akaanza kulegeza nyuzi za gitaa ili zisimuumize. Nyuzi zikilegea, sauti inashuka na kuwa nzito. Uzito wa metali, kwa sehemu kubwa, umetoka katika jeraha la mfanyakazi wa kiwandani. Baba yangu alifanya kazi miaka yote katika kiwanda cha mabati kule Eneo la Viwanda, na jioni ilibidi tumsemeshe kwa sauti ya juu kwa sababu mashine zilikuwa zimemharibu masikio. Nilipokisoma kisa cha Iommi sikuona shetani popote. Niliona nyumbani.

Mpiga besi wao, Geezer Butler, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya maneno ya nyimbo zao, na alilelewa katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. Sisemi walikuwa watakatifu. Ozzy mwenyewe hakuficha dawa wala pombe. Nasema tu kwamba waliimba juu ya vita, juu ya uovu, juu ya hofu ya hukumu, na mtu anayeogopa hukumu ni mtu kanisa linapaswa kuwa na la kumwambia.

Mimi niliingia kwa mlango wa redio. Nairobi tulikuwa na XFM, 105.5, kituo kilichopiga roki mchana na usiku kabla hakijafungwa, na binamu yangu wa Umoja alikuwa hazimi. Mwanzoni nilivutiwa na besi tu. Metali ikapata maana nyingine kabisa baba alipofariki.

Hapa lazima niwe wa haki, kwa sababu kanisa lilikuja. Walileta hema, viti, sufuria za kupikia chai, wakakaa nasi jioni zote za matanga, wakatuchangia hadi mwili ukasafirishwa. Kama si wao sijui mama angesimama vipi. Lakini baada ya mazishi nilirudi ibadani na kila wimbo ulikuwa wa ushindi. Kila ushuhuda ulikuwa umekwisha vizuri: nilikuwa mgonjwa, sasa nimepona, sikuwa na kazi, sasa ninayo. Hakuna aliyesimama kusema nimeomba na bado. Mimi nilikuwa katika hiyo "na bado", na nilipolia katikati ya wimbo wa furaha dada mmoja alinishika bega akaniambia nisimpe adui nafasi.

Usiku nilifungua Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa shukrani, hii haigeuki. Mwimbaji anamlilia Mungu mchana na usiku, anamuuliza mbona unanificha uso wako, na mstari wa mwisho unaishia gizani. Hakuna aya ya kufariji iliyoongezwa. Na bado imo ndani ya Biblia, katika kitabu cha nyimbo za hekalu, maana yake kuna siku ilisomwa au kuimbwa mbele ya watu wa Mungu. Nikajiuliza ingeimbwa kwa sauti gani. Kwaya yetu haina sauti hiyo. Mimi nilikuwa nimeshaisikia.

Binamu yangu alikuwa amenipa nyimbo za Mortification, bendi ya Australia. Steve Rowe, mwimbaji wao, ndiye pia mpiga besi, na ni Mkristo asiyeficha. Katikati ya miaka ya 1990 alipatwa na saratani ya damu, akakaribia kufa, akapona, akarudi kuimba. Ukimsikia mara ya kwanza unadhani ni mnyama. Ukisoma maneno yake unakuta Maandiko. Nilivaa spika za masikioni ndani ya matatu ya kwenda mjini, tumekwama kwenye foleni ya Jogoo Road, nikasikia mtu akimpigia Mungu kelele bila kumkana, na nikalia kilio ambacho sikuweza kukilia kanisani. Sikupoteza imani mwaka ule. Nasema bila kupunguza neno: muziki huo ni mojawapo ya sababu.

Sasa, hofu ya wazee wetu siichezei. Ina historia. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, mwenyekiti wake akiwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti ikafika Bungeni mwaka 1999. Mama yangu anaikumbuka miaka hiyo vizuri: watoto tulionywa tusipokee peremende kwa mtu tusiyemjua, pete na cheni zilikaguliwa, wazazi walitazama fulana zetu wakitafuta alama. Kizazi kizima cha wazee wa kanisa wa leo kililea watoto wake katika hofu hiyo. Mtu kama huyo akiona fuvu kwenye fulana yangu nyeusi ya mitumba ya Gikomba, anarudi katika hofu ile ile ya kuwapoteza watoto.

Na wakitaka ushahidi, upo, wala sitaufunika. Nchini Norwe, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa blaki metali, tawi la metali lenye giza zaidi, walichoma makanisa. Kanisa la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, liliteketezwa Juni 1992. Waliofanya hivyo walitaka Ukristo utoke katika nchi yao, na walisema hivyo waziwazi. Zipo bendi ambazo mimi sizisikilizi kwa sababu maneno yao yanamtukana Bwana wangu, hata gitaa liwe tamu namna gani.

Lakini kisa hakikuishia kwenye majivu. Mwaka 1994 Jayson Sherlock, aliyewahi kuwa mpiga dramu wa Mortification, alirekodi peke yake albamu nzima ya blaki metali kwa jina la Horde, akapiga kila ala, akiimba kinyume cha shetani kwa sauti ile ile ya wachoma makanisa. Hakuweka jina lake. Kampuni iliyoitoa ilipata vitisho vya watu waliotaka kujua ni nani huyo. Naomba wazee wangu wakitafakari kisa hiki. Kijana aliingia katika nyumba ambayo sisi tungeamuru ichomwe, akasimama sebuleni akamhubiri Kristo kwa lugha ya wenye nyumba. Paulo pale Areopago, alipowahubiria Waathene, alifanya nini tofauti?

Kuna pingamizi nyingine ninazosikia mara kwa mara, na hazinichukui muda. Kwamba ni kelele: kesha zetu huvuma mtaa mzima hadi alfajiri, na tangu kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 kuhusu kelele, makanisa ni miongoni mwa wanaolalamikiwa Nairobi. Zaburi ya 150 inaagiza matoazi yavumayo sana. Kwamba ni muziki wa wazungu: kinanda kilichopo kanisani kwetu kilitoka wapi? Na Nairobi ina metali yake. Kulikuwa na bendi ya Last Year's Tragedy, kukawa na Duma, bendi ya watu wawili waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwimbaji wa Duma, anayejiita Lord Spikeheart, ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, Field Marshal wa Mau Mau aliyefariki mwaka 2023. Si bendi ya Injili, sidai hivyo. Lakini ukiisikia sauti hiyo huwezi kuniambia ni ya kuazima.

Tumeyapitia haya kabla. Wamisionari wengi walikataza ngoma, wakisema ni za kipagani, na leo Jumapili bila ngoma inaonekana haijaiva. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Kenya na wimbo wake wa Tukutendereza, uliwakera viongozi wengi wa makanisa. Waliookoka siku hizo walionekana wasumbufu, na leo ni nyanya zetu wanaoheshimiwa kuliko wote. Rap nayo ilipigwa vita hadi watu kama Juliani wa Dandora wakaonyesha kwamba Injili inaweza kutembea kwa mashairi ya mtaani. Kila mara mlango ulifunguliwa na mtu aliyevumilia kusimama nje yake.

Kwa upande wangu ilikuwa hivi. Baada ya ule ujumbe wa WhatsApp, picha yangu nikiwa kwenye tamasha la roki ilipelekwa kwa wazee. Fulana nyeusi, nywele zimenifunika uso, mkono juu. Mzee mmoja akaniita baada ya ibada.

"Binti yangu, Bwana asifiwe."

"Amina, mzee."

"Umekuwa msaada mkubwa kwa timu ya sifa. Lakini tumeona upumzike kwa muda, mpaka uombewe."

Nikamuuliza niombewe nini. Akasema, "Wewe mwenyewe unajua." Nikamwambia kwa heshima yote kwamba sijui, na kwamba niko tayari kuombewa jambo lolote ila lile la kumkataa Mungu aliyenishika mkono nilipofiwa. Nilikaa bila besi kwa miezi. Jumapili niliketi katikati ya watu nikimsikia kijana mwingine akipiga nafasi yangu, na sikuhama kanisa. Marafiki walinishauri niende moja ya makanisa makubwa ya mjini yenye taa za rangi, ambako hakuna angenijua wala kunijali. Sikutaka kanisa lisilonijua. Hili ndilo lililomzika baba.

Aliyenisaidia ni mama. Ni mwanachama wa umoja wa akina mama tangu sijazaliwa, na hajawahi kupenda muziki wangu hata siku moja. Jioni moja tunachambua mchele akaniambia nimwekee huo wimbo mmoja, wote, nisimkatie. Nikamwekea wimbo wa Mortification nikamtafsiria maneno mstari kwa mstari. Akasikiliza hadi mwisho, mikono imesimama kwenye ungo. Akasema, "Huyu anaomba. Anaomba kama mtu wa Zaburi." Kisha akasema ni mbaya masikioni na nisimwekee tena. Wiki iliyofuata, bila kuniambia, alikwenda kwa mchungaji.

Mchungaji aliniita ofisini akaniomba kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniomba: nimletee maneno ya nyimbo yaliyoandikwa. Nilimpelekea ya Stryper kwanza, kwa sababu wao ni rahisi kuelewa. Ni bendi ya California ya miaka ya 1980, mavazi ya njano na nyeusi, iliyochukua jina lake katika Isaya 53:5, "na kwa kupigwa kwake sisi tumepona," ambako Biblia ya Kiingereza inasema "stripes". Walirushia watazamaji Agano Jipya kutoka jukwaani. Albamu yao ya 1986 iliuza zaidi ya nakala milioni moja Marekani, na bado wahubiri wa televisheni kama Jimmy Swaggart waliwashambulia, huku mashabiki wengi wa metali wakiwacheka kwa kumtaja Yesu. Kutengwa kwa pande mbili, hilo nalijua vizuri. Mchungaji alisoma kurasa zote. Alikuwa na maswali magumu kuhusu hasira, kuhusu mavazi, kuhusu kijana dhaifu anayeweza kuanzia kwa Stryper akaishia kwa wachoma makanisa. Swali hilo la mwisho ni la haki, na jibu langu ni kwamba kijana huyo anahitaji mtu mzima anayeijua njia hiyo. Akiambiwa yote ni giza, ataitembea peke yake.

Nilirudi kwenye besi. Haikutangazwa, nilipigiwa simu Alhamisi nikaambiwa mazoezi ni Jumamosi saa nane.

Watu huuliza nataka nini zaidi. Helsinki, mwaka 2006, Walutheri walianza kufanya misa ya metali, tenzi zile zile za kanisa zikipigwa kwa magitaa mazito, na watu wakaja. Huko California, mchungaji Bob Beeman alianzisha kanisa la Sanctuary miaka ya 1980 kwa ajili ya watu wa metali wasiokaribishwa kwingine. Nafurahi yote hayo yapo. Mimi sidai metali ibadani kwetu. Shosho wa miaka themanini aliyekuja na basi kutoka Ruai ana haki ya kusikia Tenzi zake bila kushtuliwa moyo. Ninachodai ni kidogo na ni kigumu zaidi: mtu kama mimi asihesabiwe kuwa mgonjwa kwa kuwa mpenzi wa metali. Akija kijana wa Kayole na fulana ya fuvu, asalimiwe, apewe kiti, aulizwe jina lake kabla hajaulizwa anasikiliza nini. Na sisi tunaolia tupewe nafasi ya kulia ibadani, hata dakika chache, bila mtu kukimbilia kutushindisha.

Kuna jambo ninalolisema kwa uchungu. Mwaka 2023 nchi hii ilichimbua miili zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Watu walielekezwa kwenye njaa na kifo kwa jina la Yesu, Biblia mkononi, kwa lugha tunayoitumia sote kila Jumapili. Hakuna fulana nyeusi iliyotuonya. Tulikuwa tumefundishwa kumtafuta shetani kwenye pete, kwenye nywele, kwenye gitaa, na macho yetu yalikuwa huko. BWANA alimwambia Samweli kwamba wanadamu huitazama sura ya nje. Sijui tunahitaji makaburi mangapi kulisoma neno hilo upya.

Sasa hivi Jumamosi jioni, baada ya mazoezi, tunakutana sebuleni kwa mama, vijana wachache wa mitaa ya karibu. Wawili si waumini, walikuja kwa sababu ya muziki. Tunasikiliza wimbo, tunasoma maneno, tunafungua sura ya Biblia inayogusa jambo lile lile, tunaombeana. Ayubu tumekaa naye muda mrefu. Mama huleta chai na mandazi, kisha hufunga mlango wa chumba chake kwa nguvu tukianza kupiga.

Yule mzee bado hajakubali. Alikuja kwetu mara moja, akaketi karibu na mlango na kofia yake magotini, akasikia robo ya wimbo akaomba tupunguze. Alipoondoka aliniambia ana wasiwasi na roho yangu, nami nikamwambia nimeuona wasiwasi huo na ninamshukuru kwa kuja. Atarudi baada ya Pasaka. Amesema ataandika maswali yake, na nimemwahidi kwamba sitayajibu peke yangu. Nitawaachia vijana wayajibu mbele yake.